Jembe la Mtakatifu Antoni

Katika nchi ya Misri, yapata mwaka 251, alizaliwa Antoni, mwana wa wazazi wakristu wenye mali. Wazazi walipokufa walimwachia mashamba makubwa na dada mdogo. Siku moja aliingia kanisani, akasikia Injili ya yule kijana tajiri ambaye Bwana alimwagiza auze mali yake na kuwagawia maskini. Antoni akatii. Dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu, naye mwenyewe akaenda kukaa peke yake ili amtafute Mungu.

Basi, mtu aliyetoa mali yake yote atakula nini? Antoni alifanya kazi kwa mikono yake. Sehemu ya ujira alinunua mkate, sehemu nyingine aliwapa maskini.

1. Jembe, shoka na mbegu

Alipokuwa mtu mzima, watu wengi walimwendea hata akakosa utulivu. Akasafiri na Waarabu wa jangwani, siku tatu mchana na usiku, hata akafika penye mlima upande wa Bahari ya Shamu. Chini yake palikuwa na maji matamu na mitende michache. Akapapenda, akakaa.

Mwanzoni wasafiri walimpa mikate, kisha ndugu zake watawa nao wakampelekea. Lakini Antoni aliona kwamba wanataabika kwa ajili yake. Akaomba wamletee jembe, shoka na ngano kidogo. Akalima, akapanda, na mwaka kwa mwaka akapata chakula chake hapo. Alifurahi kwa kuwa hamlemei mtu. Wageni walipozidi kufika, akapanda na mboga, wapate kuburudika baada ya safari ngumu.

Kumbe, kujitegemea si kuwafungia watu mlango. Aliyelima ana cha kumpa mgeni.

2. Kazi na sala

Wazee wa jangwani walisimulia habari nyingine. Siku moja moyo wa Antoni ulilemewa na uchovu na mawazo mengi. Akamlilia Mungu kwamba ataka kuokoka, lakini mawazo hayamwachi. Alipotoka nje alimwona mtu mfano wake, ameketi akisuka kamba. Mtu yule akaondoka katika kazi, akasimama kusali. Kisha akaketi tena, akasuka. Akasimama tena, akasali. Alikuwa malaika wa Bwana. Antoni akaambiwa afanye vivyo hivyo, naye akapata furaha na nguvu.

Malaika hakumwondolea taabu kwa neno moja. Alimwonyesha namna ya kuipanga siku yake.

3. Katika kijiji chetu

Mtu akaaye barazani tangu asubuhi, akitazama njia na kumngoja ndugu wa mjini amletee nguo na fedha, hana amani. Ndugu akichelewa, humkasirikia. Akileta kidogo, hunung'unika. Akimpa jirani, huona wivu. Lakini mwenye shamba lake la muhogo, hata likiwa dogo, hulala usingizi.

Hata hivyo asijivune. Antoni hakuyaumba maji yale, na jembe lake alilipata mikononi mwa ndugu. Tena mgonjwa, mzee na yatima wasidharauliwe wakiomba: mwenye nguvu hulima ili na hao wapate kula.

Antoni alikufa mwaka 356. Wakristu humkumbuka kila mwaka tarehe 17 Januari.

Maulizo

1. Kwa nini Antoni aliomba jembe, shoka na ngano?
2. Mboga alizipanda kwa ajili ya nani?
3. Malaika alimfundisha nini juu ya kazi na sala?
4. Ni kitu gani unachongoja kwa mwingine, nawe waweza kukifanya kwa mikono yako juma hili?