Sungura Akinyonyoka Manyoya, Tazama Ngozi Kwanza



Jana sungura wako alikuwa mzima. Leo asubuhi unafungua banda na kukuta manyoya yametapakaa. Kifua chake kiko wazi. Watu wengi wakiona hivyo hushtuka. Mmoja husema huo ni upele, achinjwe. Mwingine hukimbilia kopo la oili chafu ya gari ili ampake.

Ngoja kwanza. Usimpake kitu. Mtoe nje penye mwanga. Usimnyanyue kwa masikio. Mshike ngozi ya shingo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umpakate matako. Kisha tenganisha manyoya yaliyobaki kwa vidole, uitazame ngozi. Je, ni safi na laini? Au ina magamba, gaga na vidonda? Hapo ndipo utakapojua kama ni mgonjwa.

Tuanze na jike, kwa sababu ndiye anayeonewa zaidi. Jike mwenye mimba huzaa baada ya siku 31 hivi. Siku moja au mbili kabla ya kuzaa, au saa chache tu, hujing'oa manyoya ya kifuani na tumboni kwa meno yake. Utamwona pia anabeba nyasi mdomoni, anahangaika pembeni. Ukitazama ngozi yake ni safi. Haina magamba wala hajikuni. Huyo si mgonjwa, anawatandikia watoto wake kitanda.

Kwa nini afanye hivyo? Watu wa Mikumi wanamfahamu sungura wa porini, yule wa hadithi zetu. Watoto wa sungura huyo huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yamefunguka. Huwalaza majanini tu. Lakini sungura tunayemfuga bandani ni wa jamii nyingine, na asili yake ni Ulaya. (Nasema Ulaya ya ng'ambo, siyo Ulaya yetu iliyo katika njia ya Mikumi kwenda Kilosa.) Watoto wake huzaliwa uchi kabisa, na macho yao hufunguka baada ya siku 10 hivi. Wakikosa manyoya ya mama yao hufa kwa baridi, hata katika nchi ya joto kama yetu.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Sungura hujilamba kutwa. Ukimpaka oili, au mafuta ya taa, au dawa ya kuogeshea ng'ombe, ataimeza. Na watoto watanyonya chuchu zenye oili. Kwa ugonjwa usiokuwapo unaweza kupoteza mama na watoto wote. Mpe sanduku ambalo anaweza kugeuka ndani yake, nyasi kavu za kutosha, na maji. Kisha mwache atulie.

Pengine jike hung'oa manyoya na asizae. Hiyo ni mimba ya uongo. Huonekana kiasi cha siku 16 mpaka 18 baada ya kupandwa bila kushika mimba, au hata baada ya kupandwa na jike mwenzake. Hupita yenyewe.

Kuna kunyonyoka kwingine kusikohitaji dawa. Sungura mdogo anapokua hubadili manyoya, na chini yake utaona mapya yanaota. Sungura waliobanana, au wanaokosa majani makavu ya kutafuna, hutafunana manyoya. Manyoya hayo huwa mafupi kama yaliyokatwa kwa mkasi. Watenganishe, waongezee majani. Wakati wa masika sakafu ya banda huloa mkojo na mvua, basi manyoya ya tumboni na miguu ya nyuma hutoka na ngozi huwa nyekundu. Hapo anayetakiwa kutibiwa ni banda! Liinue, sakafu iwe na nafasi za kupitisha mkojo.

Sasa magonjwa. Yapo mawili makubwa, na yote mawili humhusu pia mtu anayemshika sungura.

La kwanza ni upele. Huletwa na wadudu wadogo sana ambao jicho halioni. Huanza puani, midomoni, kingo za masikio na miguuni. Ngozi hufanya gaga la kijivu, sungura hujikuna mpaka atoe damu. Wengine huwa na gaga ndani ya masikio, hutikisa kichwa na kukiinamisha upande. Usilibandue gaga hilo, linauma sana. Dawa ipo, ni sindano ya ivamektini, na hurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Lakini apige bwana mifugo. Sungura ana kilo chache tu, na dawa ni ileile ya ng'ombe. Ukikisia, utamuua. Muulize pia msubiri siku ngapi kabla ya kumla. Mwenye kumpakata sungura wa namna hii anaweza kuwashwa mikononi, lakini upele huo haukai kwa mtu. Sungura akipona, mtu naye hupona.

La pili ni choa. Mtoto mmoja aliletwa zahanati na bibi yake. Alikuwa na alama tatu za mviringo upande wa ndani wa mkono, pale mtu anapompakatia mnyama. Bibi alikuwa amempaka majivu. Nilimuuliza mtoto anafuga nini, akanitajia sungura wake kwa jina. Tulipomtazama sungura yule tulikuta mabaka ya mviringo usoni na masikioni, hayana manyoya, yana magamba. Choa ni ukungu unaoota kwenye ngozi, na mbegu zake hukaa miezi mingi katika mbao na vumbi la banda.

Sungura wa namna hiyo mtenge peke yake, bwana mifugo amwone. Matandiko yake yachomwe. Banda lisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, likaukie juani. Kazi hiyo afanye mtu mzima, na anawe mikono. Mtoto mwenye choa mlete zahanati. Cha mwilini hupona kwa dawa ya kupaka, lakini apake wiki 2 mpaka 4, hata kama alama imeanza kufifia. Cha kichwani, yaani mapunye, hakiponi kwa kupaka peke yake. Huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa. Wala tusimlaumu sungura kwa kila mapunye, maana watoto wengi huambukizana wenyewe kwa kofia, vitana na mashine za kunyolea.

Swali la kuzungumza darasani: Mzee mmoja ana sungura jike. Kifua chake kimenyonyoka tangu usiku. Ngozi ni safi, na mdomoni ameshika nyasi. Kijana wa mzee anakuja na kopo la oili. Ninyi mngemwambia nini, na mngemtuma akalete nini badala yake?