Hekalu Katika Uwanja wa Shule, Masese

Ninyi mlio darasani na ninyi mliokwisha kutoka, wengi mmeniuliza Kidato cha Pili kilikuwa kikifanya nini nyuma ya maabara muhula uliopita. Mliona vigingi, nyuzi na matofali, na wengine wakasema tunajenga banda la kuku. Sivyo. Tulikuwa tukijifunza jinsi Wahindu wa kale, ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani, walivyojenga mahekalu yao kati ya mwaka 700 na 1300 hivi.

Mtu aweza kuuliza, Masese na mahekalu ya India wapi na wapi? Lakini tembeeni katika barabara za Jinja, mkatazame juu ya maduka ya zamani: mtaona majina ya Kihindi na miaka yalipojengwa. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa katika Nile papa hapa Jinja. Kisha mwaka 1972 Idi Amin akawaamuru Wahindi waondoke katika siku 90, na baadhi yao walirudi katika miaka ya 1990. Watoto wetu hupita mbele ya majengo hayo kila siku, lakini habari za watu waliowafundisha mafundi wake kujenga hawazijui hata kidogo. Kijana mmoja aliniambia kwa yakini kwamba mahekalu makubwa ya India yalijengwa na majini. Nikaona afadhali ajaribu kwa mikono yake mwenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mashariki, kwa kuwa mahekalu mengi huelekea linakochomoza jua. Dira hatukuitumia. Tulisimamisha kigingi wima, na saa nne asubuhi tukachora duara ambalo ncha ya kivuli iligusa ukingo wake. Kivuli kikafupika, kikaingia ndani ya duara, kisha kikarefuka tena mpaka kikagusa ukingo upande wa pili, saa tisa na nusu na dakika chache. Unganisha alama hizo mbili kwa uzi, nawe umepata mstari wa magharibi na mashariki. Ndivyo walivyofanya mafundi wa India. Mambo mawili yaliwashangaza vijana. Kivuli kifupi kabisa hakikuonekana saa sita bali karibu saa saba kasorobo, kwa kuwa saa zetu zimepangwa kwa jua la mashariki zaidi, kule baharini. Tena ulikuwa mwezi wa Juni, na kivuli cha adhuhuri kikaangukia kusini, wakati vitabu vilivyoandikwa Ulaya vyasema huangukia kaskazini. Hapo nilinyamaza nikawaacha wabishane nusu saa, na sijapata kuona ubishi wenye faida kama ule.

Juu ya mstari huo tulipima mraba, tukaugawa kwa nyuzi uwe miraba midogo 64, nane kwa nane. Mafundi wa kale walitumia mchoro kama huu, au ule wa miraba 81, na kila mraba ulikuwa na mungu wake. Minne ya katikati ni ya Brahma. Mahali patakatifu ni chumba kidogo, chenye giza, kisicho na madirisha, na jina lake kwa Kisanskriti lina maana ya chumba cha tumbo la uzazi. Mbele yake huwa ukumbi wa watu, na juu yake hupanda mnara. Mnara huo ni mfano wa mlima. Vijana waliotoka Mbale walielewa upesi kuliko wote, maana wamekua wakiutazama Elgon. Hekalu la Kandariya Mahadeva huko Khajuraho, lililojengwa karibu na mwaka 1030, lina mnara wa meta 31 hivi, na vilele vidogo 84 vimeuegemea kama vilima vinavyopanda kuelekea kilele kikuu.

Siku hiyo alikuja mzazi mmoja, amekunja uso. Akasema, "Mwalimu, nasikia unawafundisha watoto wetu kuabudu sanamu." Nikamjibu, "La, mzee wangu. Nawafundisha kujenga. Karibu uketi uone." Mzee huyu ni mwashi. Aliketi juu ya tofali, mikono kifuani.

Basi tukaanza kazi ya tatu, nayo ndiyo niipendayo. Mafundi wale hawakujenga kwa tao. Waliweka jiwe juu ya jiwe, mara nyingi bila chokaa, kila moja likichomoza kidogo kupita la chini yake, mpaka pande mbili zikakutana juu. Nikawauliza vijana: juu ya meza, kwa matofali manne bila udongo, je, tofali la juu laweza kukaa lote nje ya ukingo wa meza? Wote wakasema haiwezekani. Mzee naye akatikisa kichwa.

Fanyeni hivi. La juu lichomoze nusu ya urefu wake kupita la pili. La pili lichomoze robo kupita la tatu, la tatu sehemu moja ya sita kupita la nne, na la nne sehemu moja ya nane kupita meza. Jumlisheni: ni tofali zima na sehemu moja ya 24. Kwa hesabu yawezekana. Kwa mkono, nafasi iliyobaki ni nyembamba mno. Vikundi vitano viliangusha. Hapo mzee akaondoka alipoketi, akachagua matofali yaliyonyooka, akaongeza la tano ili apate nafasi, akayasogeza kwa kucha ya kidole gumba. Yakasimama. Darasa likapiga makofi. Akasema, "Dini yao siijui, wala siitaki. Lakini hawa walikuwa waashi." Tangu hapo alikuja kila Alhamisi na timazi yake.

Hekalu la Thanjavur, alilolimaliza mfalme Rajaraja mwaka 1010, ni la mawe magumu sana, na mnara wake wafika meta 60 hivi. Tuliulaza kwa kamba katika uwanja wa mpira: ulitoka goli moja, ukavuka katikati, ukaendelea.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya sabuni. Hekalu la Kailasa huko Ellora, la karne ya 8, halikujengwa hata kidogo. Lilichongwa kutoka mwamba mmoja, kuanzia juu kwenda chini, zaidi ya meta 30. Kila kijana alipewa kipande cha sabuni ya mche na kisu butu, na sharti moja: aanze juu, wala asigeuze. Ukivunja nguzo, huna ya kurudishia. Kati ya vijana 38, watatu tu walifika chini na nguzo zote nne. Sabuni zilizovunjika zilifulia nguo za bweni wiki mbili.

Msidhani kazi za namna hii zimekwisha duniani. Nairobi lilifunguliwa hekalu mwaka 1999, ambalo mawe yake ya manjano yalichongwa India, yakaletwa kwa meli vipande vipande, yakaunganishwa Kenya. Hekalu la Neasden, London, la mwaka 1995, lina vipande 26,300.

Muhula ujao tunataka kujenga mnara wa matofali wenye kimo cha mtu, bila saruji, na boga la udongo juu yake, maana mahekalu ya kaskazini huvikwa jiwe la duara lenye mifuo kama boga. Tunahitaji matofali 400 yaliyonyooka. Mwanafunzi wa zamani mwenye tanuri karibu na Masese na atuletee siku ya Jumamosi. Mzee atakuwapo kuyakagua, na yaliyopinda atayarudisha.