Dondoo muhimu: Kubadilisha chipu za KIM-1

Kabla ya kulaumu chipu, pima umeme. KIM-1, kompyuta ya bodi moja iliyotolewa na MOS Technology mwaka 1976, inataka volti 5 zilizotulia.

Chipu nane za kumbukumbu, 6102, hazina taabu: weka 2102. Kazi kubwa iko kwenye zile 6530 mbili. Kila moja imebeba, ndani ya ROM yake, programu iliyowekwa kiwandani, kwa hiyo 6530 ya mashine nyingine haifai hata kama ina miguu 40 ileile. Usichomeke chipu ya 6532 peke yake pia. Haina ROM, na miguu yake imepangwa tofauti. Tumia bodi ndogo ya kuunganishia yenye 6532 pamoja na EPROM iliyoandikwa programu ya KIM-1.

Ukiweka prosesa ya W65C02S badala ya 6502 ya asili, mguu wa 1 usiguse soketi: zamani ulikuwa graundi, sasa unatoa ishara. Mguu wa 36 uunganishe na volti 5 kupitia rezista.

Chipu iliyokufa ikate miguu kwanza, kisha uchomoe mmoja mmoja kwa joto la kiasi. Njia za shaba za bodi hizi hubanduka upesi. Na tafadhali, funga soketi, fundi wa kesho asilazimike kuchomelea tena.