Setilaiti na Ramani Katika Gari la Mitumba

Magari mengi unayoyaona yakipita nje ya lango la shule yetu hayakuzaliwa hapa. Yalizaliwa Japani, yakatumika huko miaka sita au saba, kisha yakapakiwa melini na kushushwa Kilindini, Mombasa. Sababu ni nyepesi: Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Tena sheria ya nchi yetu kwa miaka mingi imekataza kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8, kwa hivyo hufika likiwa na vikorokoro vyake vyote. Kimojawapo ni ile skrini iliyo katikati ya dashibodi, imejaa maandishi ya Kijapani tusiyoyajua kichwa wala miguu. Wenye magari wengi huitumia kama redio tu, na wengine hata redio haiwafai, maana redio za Japani zilitengenezewa masafa yanayoanzia 76 na kuishia karibu na 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza skrini hiyo ni ya nini, kwa nini haielekezi njia hapa kwetu, na mtu akitaka gari lake kuukuu limwelekeze kwa setilaiti afanye nini. Nimelichunguza jambo hili kwa sababu mjomba wangu ni dereva wa teksi mjini Nakuru. Mwezi wa Januari alikuwa karibu kumpa fundi mmoja shilingi 24,000 ili amwekee "nevigesheni". Juu ya hizo, fundi alimwambia atakuwa akimletea shilingi 600 kila mwezi, ati za kulipia setilaiti. Mjomba akaniuliza, "Wewe unayesoma Fizikia, hebu niambie, hizo mia sita zinapanda juu kweli?"

Basi tuanze huko juu. Mfumo unaotumika zaidi ni ule wa Marekani uitwao GPS. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka wa 1978, na mfumo wenye setilaiti 24 ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka wa 1995. Zinazunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, kila moja ikimaliza mizunguko miwili kwa siku. Kazi yake ni kusema tu. Kila setilaiti husema bila kukoma, "Mimi ni fulani, niko mahali fulani, na saa yangu sasa ni kadhaa." Haimsikilizi dereva yeyote aliye chini. Kifaa kilicho ndani ya gari hupokea maneno hayo, hakirudishi jibu. Ni kama redio inavyopokea taarifa ya habari: mtangazaji hajui kama wewe uko jikoni au uko shambani, wala hawezi kukuhesabia ada.

Je, kifaa hujuaje kilipo? Kumbuka mchezo wetu wa utotoni wa kuhesabu baada ya umeme wa radi. Ukiona mmweko, ukahesabu sekunde tatu ndipo ngurumo ikafika, radi ilipiga umbali wa kilomita moja hivi, kwa sababu sauti huenda mita 340 kwa sekunde. Kifaa hufanya hesabu iyo hiyo, ila mawimbi ya setilaiti hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Ujumbe ukitoka juu ya kichwa chako hufika kwa sekunde 0.07 tu. Kifaa kikijua umbali kutoka setilaiti moja, kinajua kiko mahali fulani juu ya duara kubwa. Ya pili inapunguza, ya tatu inapunguza zaidi. Ya nne inahitajika kwa sababu saa ya ndani ya gari ni ya bei rahisi na haiaminiki, ilhali setilaiti zina saa za atomiki. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, utaambiwa uko mita 300 kutoka ulipo, yaani umeketi darasani na kifaa kinasema uko sokoni.

Mwalimu wetu wa Fizikia alituongezea jambo lililotuacha vinywa wazi. Saa zilizoko huko juu huenda mbio kuliko za hapa chini kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, kwa sababu ya yale yaliyoelezwa na Einstein kuhusu mwendo na mvutano wa dunia. Wahandisi wasingelirekebisha hilo, makosa yangelikuwa yakiongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku. Sikudhani kwamba dereva wa teksi anamhitaji Einstein.

Wamarekani waliutengeneza mfumo huo kwa ajili ya jeshi lao. Mwaka wa 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia ikaingia anga ya Urusi ya wakati ule, ikatunguliwa, na watu wote 269 waliokuwemo wakafa. Baada ya hapo Rais Reagan alitangaza kwamba raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuutumia bila malipo. Hata hivyo jeshi liliendelea kuwaharibia raia vipimo makusudi, ukaweza kukosea kwa mita kama 100, hadi Mei 2000 Rais Clinton alipoamuru uharibifu huo uondolewe. Siku hizi Urusi, China na nchi za Ulaya nazo zina mifumo yao, na vifaa vingi husikiliza zote kwa pamoja. Hakuna hata mmoja unaomtoza dereva wa Nakuru shilingi mia sita.

Nisimwonee fundi yule. Kuna mambo mawili ambayo hulipiwa kweli kila mwezi. Moja ni kile watu wanachokiita traka, kifaa chenye laini ya simu ndani yake kinachomjulisha mwenye gari gari lake liko wapi. Hicho hutuma habari kwa mtandao wa simu, na mtandao haufanyi kazi ya sadaka. La pili ni bando za intaneti, ukitaka kuona msongamano wa magari au kupakua ramani. Lakini bando unanunua mwenyewe kwa laini yako, humpelekei fundi.

Sasa tushuke kwenye gari lenyewe. Siri yote ni hii: kuelekezwa njia kunahitaji vitu viwili, kipokezi cha setilaiti na ramani. Kipokezi hukwambia wewe ni nukta gani duniani. Ramani hukwambia nukta hiyo iko barabara gani. Gari la kwanza la Japani kuuzwa na kifaa cha kuelekeza njia, Honda ya mwaka wa 1981, lilikuwa na ramani bila setilaiti: dereva aliweka karatasi angavu ya ramani mbele ya skrini na kuibadilisha kwa mkono alipoingia eneo jipya, na kifaa kikakisia mwendo na kona zenyewe. Mazda ndiyo iliyoleta gari lenye GPS ya kujengewa ndani, mwaka wa 1990. Gari la mjomba lilikuwa kinyume cha ile Honda: lilikuwa na setilaiti bila ramani. Kadi yake ya ramani ya Japani ilikwisha kuchomolewa kabla halijapanda meli, na hata ingelikuwepo ingelimwonyesha mitaa ya Nagoya.

Kwamba kipokezi chake ni kizima tulijua kwa saa. Kifaa hupokea saa kutoka setilaiti, kisha huigeuza iwe ya Japani, ambayo iko mbele yetu kwa saa sita. Yaani saa moja asubuhi hapa kwetu, kule ni saa saba mchana, na skrini huandika 1:00. Tizama ajabu hiyo! Gari la Mjapani linasoma saa za Kiswahili sawasawa, saa moja ni moja na saa mbili ni mbili, kuliko saa za ukutani za shuleni kwetu. Mjomba hajawahi kuirekebisha wala hana haja.

Na ile sauti ya mwanamke inayosema Kijapani kila asubuhi ukiwasha gari? Watu wengi hudhani anaomba kadi ya ramani. Mara nyingi haombi hiyo, anakumbusha kuwa kadi ya kulipia barabara za Japani haijatiwa kwenye kijisanduku chake. Kijisanduku hicho ni kitu kingine kabisa na kinaweza kung'olewa bila kuidhuru skrini. Vilevile jihadhari na anayekwambia atageuza skrini iwe ya Kiingereza ili ielekeze njia. Kugeuza lugha si kutia ramani. Utasoma Kiingereza safi kinachokwambia kwamba ramani haipo.

Kwa hivyo njia ya kawaida ni kuondoa redio ile na kutia nyingine yenye skrini pana inayofanya kazi kama simu, pamoja na fremu ya kuikalisha vizuri kwenye dashibodi. Mjomba aliacha fundi wa kwanza akaenda kwa fundi wa waya mwingine, mzee mpole, nami nikaenda kutazama. Jumla alilipa shilingi 16,500.

Mzee alianza kwa kufungua waya wa hasi wa betri na kungoja dakika kadhaa, kwa sababu nyuma ya dashibodi kuna nyaya za mifuko ya hewa, na mfuko ukifumuka usoni mwa fundi ni balaa. Hizo huwa na vifuniko vya manjano, akaniambia nisiziguse hata kwa mzaha. Kisha akapima kila waya kwa tesa. Wanafunzi wa Fizikia, sikieni hapa: hakuamini rangi. Redio mpya inasema mwekundu ni huu na mweusi ni ule, lakini kiwanda cha gari kina rangi zake. Alitafuta waya wenye volti 12 wakati wote, ambao huifanya redio isisahau mambo, na wenye volti 12 ukizungusha ufunguo tu. Akatafuta unaokwenda kwenye bodi ya gari, na ule wa taa ya kurudi nyuma ili kamera ya nyuma ijiwashe.

Antena ya setilaiti ni kidude kidogo kama kiberiti. Aliibandika juu ya dashibodi karibu na kioo, uso wake ukitazama mbingu, kwa kuwa mawimbi yale ni hafifu mno na bati huyazuia. Alipomaliza aliwasha, na skrini ikasema haioni setilaiti hata moja. Mjomba akaanza kugeuka rangi. Mzee akacheka, akalisukuma gari nje ya banda la mabati, akaagiza chai. Kifaa kigeni mahali pageni huenda kikahitaji kusikiliza ratiba nzima ya setilaiti, na ratiba hiyo huchukua dakika 12 na nusu kusomwa yote. Chai haikuwa imeisha nukta ya buluu ikatokea, juu ya barabara ile ile tuliyosimama. Nadhani vifaa vizima vingi vimerudishwa dukani kwa sababu ya mabati na haraka.

Lakini msomaji, setilaiti ikisema kweli na ramani ikidanganya, dereva atapotea kwa uhakika mkubwa. Katika Jiografia tunasoma ramani za 1:50,000. Nyingi zilichorwa kwa kipimo cha dunia kiitwacho Arc 1960, ilhali setilaiti hutumia kingine kiitwacho WGS 84. Ukichukua namba za ramani ya darasani ukazitia kwenye kifaa bila kuzibadilisha, utakosea kwa mita 300 hivi. Na kuna uongo mkubwa zaidi, nao ni ramani isiyo na watu. Kibera ya Nairobi, na wingi wake wote wa watu, ilikuwa kama shamba tupu kwenye ramani mpaka mwaka wa 2009, vijana wa huko walipozunguka na vipokezi vya GPS wakaichora wenyewe. Waliiweka kwenye OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004 ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisahihisha, na ambayo unaweza kuipakua mara moja ukaitumia bila bando.

Mwezi wa Juni mjomba aliitwa saa nane usiku kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa mtaani kwetu. Skrini ilimwongoza kwenye barabara iliyokwisha kukatwa na machimbo ya mawe. Akasimama kwenye ukingo, shimo mbele, taa zikimulika hewa tupu. Alirudi nyuma na kuzunguka, ikawa dakika arobaini. Mama alikuwa ameshapakiwa kwenye mkokoteni na majirani wakimsukuma kuelekea lami. Alifika hospitalini, mtoto akazaliwa salama, lakini dakika arobaini zile mjomba bado huzitaja.

Tangu hapo wanachama watano wa chama chetu tumeanza kuchora mtaa. Barabara ya machimbo tumeifuta. Tumeongeza vichochoro kumi na viwili, zahanati, na kivuko cha miguu kisichopitisha gari. Ugomvi wetu mkubwa ni majina. Kichochoro kimoja wazee hukiita Kwa Mzee wa Mbuzi, vijana wana jina lao, na kibao hakuna. Tumekubaliana kuandika jina ambalo mtu angelitaja akipiga simu usiku kuomba gari. Upande wa juu wa mtaa, kuanzia tangi la maji mpaka reli, bado ni mweupe. Mwenye simu na viatu vizuri aje Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tukiwa katika muhula. Tunaanzia tangini saa tatu asubuhi, ambayo kwenye gari la mjomba ni tatu kamili.