SOMO LA ROBO HII: TUITUNZE GIABOKSI YA OTOMATIKI



Katika toleo hili tunaleta somo juu ya gari. Huenda mtauliza: giaboksi ina uhusiano gani na maendeleo ya usharika? Jibu tulilipata kwa gharama.

Mwaka 2019 gari la mradi wetu, Noah ya otomatiki iliyotengenezwa 1999, lilikatika mkanda wa injini tukiwa Korogwe. Niliagiza livutwe kwa kamba hadi Mombo, gia ikiwa frii na magurudumu yote manne yakiwa chini. Mkanda ulibadilishwa siku iliyofuata. Lakini fundi alipoingiza D, injini ilinguruma na gari halikusogea. Giaboksi ilikuwa imeungua. Kwa idhini ya wafadhili, fedha za kununua nyingine zilitoka katika fungu la mabomba ya kisima, na kijiji kimoja kikasubiri maji miezi 4 zaidi. Dereva hakukosea. Nilikosea mimi, kwa kutojua.

Kwa nini iliungua?

Katika giaboksi ya otomatiki, nguvu ya injini hupita ndani ya mafuta maalumu. Mafuta hayo hayo hulainisha vyuma, huondoa joto na kusukuma klachi ndogo zilizomo ndani. Pampu inayoyazungusha huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, pampu husimama. Magurudumu yanayopokea nguvu yakiendelea kuzunguka, vyuma vya ndani husagana vikavu na kupata moto. Joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi, na mara nyingi dereva ndiye anayelileta au kulizuia.

Mambo 7 ya dereva kuzingatia

1. Asubuhi, washa gari na usubiri kidogo hadi mngurumo wa injini utulie, ndipo uingize gia. Kilomita za kwanza nenda taratibu.

2. Simama kabisa kabla ya kutoka D kwenda R, au kuweka P. Gari linalotembea likibadilishwa ghafla, klachi huumia.

3. Ukiegesha kwenye mwinuko: kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia breki ya mguu ili gari likae, kisha kanyaga tena na uweke P. Bila hivyo, uzito wote wa gari hubebwa na kidole kimoja cha chuma ndani ya giaboksi.

4. Ukisimama mlimani, shikilia gari kwa breki, si kwa mafuta. Katika mpando mrefu, kama gia inapanda na kushuka kila mara, zima kitufe cha O/D.

5. Usiteremke ukiwa frii kwa nia ya kuokoa mafuta. Kutoka Lushoto kwenda Mombo, punguza mwendo kisha tumia 2 au L ili injini isaidie breki.

6. Ukinasa kwenye tope, usirushe gia kati ya D na R huku magurudumu yakizunguka. Shuka, chimba, weka mawe au matawi.

7. Gari likiharibika, lipakiwe juu ya gari la kubebea, au magurudumu yanayopokea nguvu yainuliwe. Kama yote manne hupokea nguvu, lipakiwe zima. Pia, gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Kazi ya kamati

Kamati ihakikishe mafuta ya giaboksi yanapimwa kila mwezi na matokeo yaandikwe katika daftari la gari. Kwa Toyota nyingi za zamani, hupimwa gari likiwa limepata moto, mahali tambarare, injini ikiunguruma, gia ikiwa P baada ya kupitishwa katika nafasi zote. Aina nyingine zina utaratibu wao. Kitabu cha gari kifuatwe. Mafuta mazuri kwa kawaida ni mekundu na maangavu. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, gari lipelekwe kwa fundi mapema. Yakipungua, kuna mahali yanavuja. Msikubali mafuta ya aina yoyote tu: aina sahihi imeandikwa kitabuni, na mara nyingi kwenye kijiti cha kupimia.

Maswali ya kujadili

1. Je, dereva wetu amefundishwa gari la otomatiki, au alijifunza la gia za mkono tu?
2. Mafuta ya giaboksi yalipimwa lini mara ya mwisho, na nani?
3. Gari likiharibika leo njiani, nani ana mamlaka ya kuagiza livutwe, na anajua namna?

Swali la tatu lingeulizwa kwetu kabla ya safari ile, kijiji kile kingepata maji kwa wakati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.