Fizikia kwa Kiswahili: Maji ya Injini Yakichemka Angani

Wako wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya ngano na mashairi tu, eti sayansi imekishinda. Nimeonelea nisibishane nao kwa maneno matupu, bali niwape somo. Somo lenyewe linahusu shinikizo, au presha kama tunavyoiita mitaani, katika maji yanayopoza injini za ndege za kujiundia.

Nchini Marekani sheria humruhusu raia kujiundia ndege kwa ajili ya elimu au burudani, mradi sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu wasio wa kiwanda. Baadhi ya waundaji hao huchukua injini ya Mazda 13B, iliyotumika katika magari ya RX-7, wakaifunga kwenye ndege. Injini hii ni ya mtindo wa Felix Wankel, mhandisi Mjerumani, ambaye injini yake ya kwanza iliunguruma mwaka wa 1957. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake mna rota zenye pembe tatu, zinazozunguka ndani ya kasha. Sehemu zinazosonga ni chache, nayo ni ndogo na nyepesi. Ndiyo maana inapendwa.

Ila ina moto, jamani! Mafuta huungua upande ule ule wa kasha kila mara, kwa hivyo upande huo hupata joto jingi mno. Maji yasipopita hapo, kasha la aluminiamu hupindika, na mipira inayozuia maji yasivuje huharibika. Gari likichemka, dereva huegesha kando na utingo akaenda kutafuta maji. Je, angani kuna kando ya barabara?

Sasa tuingie darasani. Pale Mombasa, usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Ukifika mita 3,000, nyuzi 90 zatosha. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji inapungua.

Dawa yake ni kifuniko cha rejeta. Kina springi inayozuia presha isitoke mpaka ifikie kiwango fulani, mathalani pauni 15 kwa kila inchi ya mraba. Kikiwa kizima, maji matupu usawa wa bahari hayachemki mpaka nyuzi 121 hivi. Kwenye mita 3,000 ni nyuzi 116 hivi, kwani kifuniko huongeza tu juu ya presha ya hewa ya nje, na hewa hiyo imepungua.

Hebu fikiri: ndege iko mita 3,000, maji yana nyuzi 100, yametulia. Ghafla paipu inapasuka. Presha inatoroka, na maji yaliyokuwa salama yanaanza kuchemka papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Mvuke huo unayasukuma nje maji yaliyobaki. Ajabu ni kwamba geji ya joto yaweza hata kushuka, kwa sababu kidude chake cha kupimia sasa kimezungukwa na mvuke na hewa wala si maji. Rubani anayeitegemea geji hiyo peke yake atadhani mambo ni shwari, kumbe injini inaungua.

Kwa hivyo mwundaji mwerevu huweka geji ya pili, ya presha ya maji. Husomwa hivi:

1. Joto likipanda na presha ikapanda polepole, ni sawa. Maji yanatanuka.
2. Joto likipanda lakini presha ibaki sufuri, kuna mahali panapovuja au kifuniko ni kibovu. Usiruke.
3. Presha ikipanda kwa kasi kabla ya maji kupata joto, huenda gesi ya moto inapenya kwenye maji kupitia mipira iliyoharibika.
4. Presha ikianguka ghafla angani, tafuta mahali pa kutua mara moja. Usingoje geji ya joto ikubaliane nawe.

Yako pia matunzo ya chini. Tangi dogo lenye kifuniko huwekwa mahali pa juu kuliko sehemu zote za mtambo, ili hewa ipande na kukusanyika humo, isijifiche ndani ya injini. Kabla ya safari za kwanza, mtambo hujazwa presha kwa pampu ya mkono injini ikiwa baridi. Ikishuka, paipu na viungo vyake vyote hukaguliwa. Na kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, iwe ya ndege au ya matatu. Presha ikitoka ghafla, maji hulipuka na kukubabua uso.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika injini hii joto ndilo mvua, na presha ndiyo wingu. Anayelitazama wingu hupata muda wa kuanua nguo.

Zoezi: Kifuniko kile kile cha pauni 15 kikitumika Mombasa kisha Nairobi, maji yatachemka mapema wapi? Toa sababu, kwa Kiswahili sanifu.