Asali ya Kikundi, Simu ya Nani? Somo kwa Wafugaji Nyuki wa Garissa

Asali ya Garissa ina historia ndefu kuliko simu. Kwa Kisomali ni malab, na nyumba nyingi huweka chupa yake kama dawa kabla ya kuiweka kama chakula. Watoto wa madrasa wanajua kwamba kuna sura nzima ya Kurani inayoitwa kwa jina la nyuki. Kusini, upande wa Ijara na msitu wa Boni, Waaweer wamerina asali ya mwituni tangu zamani, wakimfuata yule ndege mdogo anayepiga kelele hadi mtu afike kwenye mti wenye mzinga.

Kilicho kipya ni vikundi. Misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, mifugo ikafa, na mtu aliyebaki na mbuzi wanne alianza kusikiliza habari za mizinga. Nyuki hahitaji kuchungwa. Anahitaji maua, maji karibu, na mtu asiyemsumbua ovyo. Maua yako: migunga, na ule mti tunaoulaani kila siku, mathenge. Ulipandwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na kutoa kuni, halafu ukateka malisho, ukatoboa tairi na miguu, ukaharibu meno ya mbuzi. Lakini mizizi yake inafika mbali chini, hivyo unatoa maua hata wakati miti mingine imekauka. Nyuki hana kinyongo na mathenge.

Basi kikundi kinapata mizinga. Iwe ya magogo, iwe ile ya vibao vya juu iliyobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970, iwe Langstroth. Kinangoja, kinarina, kinachuja, mnunuzi anapatikana. Na hapo ndipo mnunuzi anauliza swali dogo ambalo limevunja vikundi vingi kuliko ukame: "Nitume kwa namba gani?"

Jibu la kawaida ni "tuma kwa mweka hazina." Somo la leo ni kwa nini jibu hilo ni hatari, hata kama mweka hazina wenu ni mtu mwaminifu kabisa.

Kwanza, mizani

Kabla ya pesa kuingia kwa simu, kuna pesa inayopotea kwenye jerikeni. Tulitazame hili polepole kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote.

Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya asali iliyochujwa ina takriban kilo 1.4. Maana yake jerikeni ya lita 20 ikijaa asali haina kilo 20, ina karibu kilo 28. Mnunuzi anayekuja na kusema "jerikeni ni ishirini, nalipa ishirini" amebeba kilo nane bure, na wala hajaiba mbele ya macho yenu. Mmempa wenyewe.

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 15 kimejaza jerikeni tano, na bei mliyokubaliana ni shilingi 500 kwa kilo. Mkihesabu kwa lita, ni 100 mara 500, yaani shilingi 50,000. Mkipima kwa mizani, ni kilo 140, yaani shilingi 70,000. Tofauti ya 20,000 hiyo inanunua mizani nzuri na bado inabaki.

Mizani yenyewe unaweza kuijaribu nyumbani. Chukua chupa nyepesi ya lita moja, ipime ikiwa tupu, kisha ijaze maji safi uipime tena. Ongezeko liwe kilo moja. Likiwa mbali na hapo, mizani hiyo si ya kufanyia biashara. Mizani ya biashara kisheria inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo, kwa hiyo ukiuziwa kwa mizani ya mnunuzi mwenyewe, una haki ya kuuliza muhuri uko wapi. Usisahau pia kutoa uzito wa jerikeni tupu. Na hesabu hii ya 1.4 ni ya asali iliyochujwa. Ikiwa bado iko na masega ndani, pima tu, usikadirie.

Jambo jingine la mizani ni unyevu. Viwango vinataka asali isizidi asilimia 20 ya maji. Ikizidi, inachacha njiani na mnunuzi anataka pesa zake zirudi. Joto la Garissa linatusaidia hapa, lakini halimsaidii mtu anayerina masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Subiri yafunikwe. Pesa ya haraka ndiyo inayorudishwa.

Kwa nini isiwe laini ya mtu

Sasa turudi kwa mweka hazina. Laini ya simu ni ya yule ambaye kitambulisho chake kilitumika kuisajili. Kampuni ya simu haijui kwamba zile 70,000 ni za watu 15. Kwake ni pesa za mtu mmoja, na zitafuata mambo ya mtu huyo.

Akiwa na deni la Fuliza, kwa mfano. Mtu ametumia Fuliza mwezi uliopita kumpeleka mtoto hospitali, hakulipa lote. Pesa ya asali ikiingia kwenye laini hiyo, deni linakatwa lenyewe, hapo hapo, bila kuuliza pesa imetoka wapi. Mweka hazina hajaiba, lakini kwenye mkutano atasimama aeleze kwa nini zimepungua, na kwa wenye kuogopa riba jambo hilo lina uzito mara mbili: deni alilojichukulia mtu mmoja na ada yake vimelipwa kwa asali ya jamaa wengine. Urafiki wa miaka unaishia hapo.

Akifariki, hali ni ngumu zaidi. Salio linahesabiwa kuwa mali ya marehemu. Familia itatakiwa kuleta hati, na kwa wengi wetu mambo ya mirathi yataenda kwa Kadhi. Kikundi kitakuja na nini? Na kauli ya "sote tulijua"? Bila maandishi, mnakuwa wadai kama wadai wengine, mkibishana na wajane na mayatima juu ya pesa. Hakuna anayetaka kusimama mahali hapo.

Kuna na hili la kwetu hasa. Kaskazini Mashariki watu wengi walikaa miaka bila kitambulisho kwa sababu ya ukaguzi wa ziada, ambao serikali ilitangaza kuuondoa mwaka 2025. Matokeo yake ni kwamba kina mama wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto, ndugu au jirani. Ikiwa laini ya mweka hazina ni ya namna hiyo, basi pesa ya kikundi kisheria iko kwa mtu ambaye hata si mwanachama, na pengine yuko Eastleigh.

Suluhisho ni akaunti ya kikundi: namba ya Till au Paybill iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Ili kuipata, kikundi lazima kiwe kimesajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka angalau watu kumi na katiba ya kikundi, na ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo inayotoa cheti. Ukienda kufungua akaunti, kwa kawaida utaulizwa cheti hicho, kumbukumbu za mkutano zinazoonyesha nani amechaguliwa, na nakala za vitambulisho vya viongozi. Ni siku mbili tatu za kuzunguka mjini. Zunguka.

Ukifungua, omba mfumo wa watu wawili: mmoja anaanzisha malipo, mwingine anayaidhinisha. PIN ya kila mmoja ni yake peke yake. Tunarudia kwa sababu tumezoea kusikia "mwenyekiti ndiye anaweka PIN ya wote, macho ya mama hayaoni vizuri." Hapo mfumo wa watu wawili umekuwa wa mtu mmoja mwenye simu mbili.

"Adeer, nimetuma, angalia meseji"

Mnunuzi amefika na pikipiki, jua ni kali, ana haraka. Anakuonyesha simu yake: imetumwa. Simu yako nayo inalia, meseji imeingia. Unampa jerikeni?

Bado. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Meseji bandia huwa imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, lakini usitegemee macho peke yake, fungua menyu au programu uangalie salio. Salio halidanganyi. Mwambie tu, "Karibu kivulini, ngoja niangalie." Mnunuzi wa kweli atakaa.

Ujanja mwingine huja baadaye. Mtu amelipa kweli kwenye laini ya kawaida, amechukua asali, kisha anadai kwa kampuni kwamba alikosea namba na anataka pesa zirudishwe. Pesa hizo zinaweza kuzuiwa wakati madai yanachunguzwa. Ndiyo maana kitabu cha risiti kina kazi hata siku hizi: tarehe, kilo, bei, namba ya muamala, na sahihi ya aliyepokea mzigo. Kitu kidogo, lakini kinabadilisha mazungumzo na huduma kwa wateja.

Na mtu akikupigia kusema amekutumia kimakosa, usimrudishie mwenyewe. Mwambie afuate njia rasmi. Kwa wateja wa M-PESA, ombi la kurudisha pesa huanza kwa kutuma ile meseji ya muamala kwenda 456, na meseji za utapeli zinapelekwa 333. Zote hizo mtu anazifanya bila kukuomba PIN.

Barabara ikikatika

Nairobi ni takriban kilomita 370, na kati yetu na Nairobi kuna Madogo. Novemba 2023 mafuriko ya Tana yalikata barabara, na Aprili 2024 yakaikata tena. Asali haiozi, hilo ni jema, lakini makubaliano yanaoza. Mnunuzi aliyeahidi kulipa mzigo ukifika anaanza kutafuta asali ya karibu, Mwingi, ambako kwa msaada wa ICIPE wafugaji walijijengea soko lao la asali na wana sifa tayari.

Ushauri wetu ni kugawa malipo. Nusu iingie kwenye Till siku mnapima, nusu siku mzigo unapakiwa. Yaandikwe kabla. Mnunuzi akilipa nusu naye ana sababu ya kungoja maji yapungue. Na kwa nyinyi, kiasi hicho kinatosha kuwapa wanachama kitu wakati barabara imefungwa na bei ya unga imepanda.

Kugawana

Turudi kwenye zile 70,000. Kikundi kimekubaliana asilimia 10 ibaki kwa ajili ya mizinga na nguo za kurinia. Ni 7,000. Zinabaki 63,000 kwa kilo 140, yaani shilingi 450 kwa kila kilo. Mama aliyeleta kilo 12 anapata 5,400. Aliyeleta kilo tatu anapata 1,350. Hesabu hii isomwe kwa sauti mkutanoni kabla ya kutuma hata shilingi moja, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, maana si kila mtu anasoma meseji.

Amueni mapema ada ya kutuma inatoka wapi, kwa kikundi au kwa mwanachama. Ni pesa kidogo inayoleta ugomvi mkubwa. Halafu tumia moja kwa moja kwa kila mtu. Kutoa zote kwa wakala na kugawa noti chini ya mti kunapendeza, lakini hakuachi alama, na kubeba 63,000 mkononi kutoka kwa wakala ni kujiita majambazi.

Wakati wa kutuma, jina la mwenye laini linatokea kabla hujakamilisha. Lisome. Kama Mama Sahara anatumia laini ya mwanawe, jina la kijana ndilo litakaloonekana, kwa hiyo kitabuni pawe na safu mbili: mwanachama, na jina lililo kwenye laini. Yeye mwenyewe athibitishe hilo mkutanoni, si kijana amwakilishe.

Mwisho ni nta. Baada ya kuchuja, masega yanayobaki huyeyushwa na kuuzwa, na wengi huyaona kama mabaki, kwa hiyo anayeyayeyusha ndiye anayeuza na kutumiwa kwa laini yake. Nta ilitoka kwenye mizinga ile ile. Ipimwe, iandikwe ukurasa ule ule wa asali, na mnunuzi wake apewe namba ile ile ya Till.